Yuniti Tatu Kabla ya Saa Kumi na Nusu

Marlys Tvedt alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na muda wote huo hakuvuka mpaka wa Marekani ila mara moja, kwenda Winnipeg kumzika shangazi yake. Kabla ya hapo alikaa dirishani pa leseni za magari, na hapo ndipo alipojifunza kwamba tarehe si pambo la karatasi. Wanafunzi walimcheka kwa daftari lake la jalada jeusi, alimoandika kila jambo na tarehe yake. Walipopata shida walilikimbilia.

Ijumaa moja ya Oktoba, saa nane kasorobo mchana, alikuwa anakula viazi na nyama ya kusaga alivyobeba kutoka nyumbani, mara Dilfuza Yoqubova akabisha hodi. Alikuwa binti wa Kiuzbeki, mwaka wa pili, anayesomea udongo.

"Bi Marlys, samahani nakukatiza chakula. Nataka unitilie saini karatasi ya safari, nisizuiwe mpakani nikirudi. Nakwenda nyumbani Desemba, mama kashaanza kuniwekea zabibu."

Marlys akafungua kumbukumbu za masomo ya binti kwenye kompyuta. Uma ukabaki hewani.

"Kemia iko wapi?"

"Nimeiacha, jana asubuhi. Dokta Lindqvist, mwalimu mshauri wangu, kasema afadhali kuiacha kuliko kufeli. Kasema kila mtu anaacha."

"Kila mtu mwenye pasipoti ya hapa," Marlys akasema. "Kaa chini, binti."

Akamweleza polepole. Mwenye viza ya masomo hutakiwa kuwa na yuniti kumi na mbili za masomo kila muhula. Ruhusa ya kupunguza huombwa kabla ya kuacha somo, si baada, na ile itolewayo kwa ugumu wa masomo ni ya mgeni anayeanza, wala Dilfuza hakuwa mgeni tena. Sasa alikuwa na yuniti tisa. Ikibaki hivyo, ofisi ingelazimika kuripoti serikalini, na haki yake ya kukaa ingefutwa.

Dilfuza hakulia. Aliuliza tu, "Hata Desemba sitafika nikiwa hapa?"

Marlys hakumjibu kwamba mambo yatakuwa sawa. Mwaka wake wa pili kazini aliwahi kumwambia hivyo kijana wa Peru, na hayakuwa. Alichukua simu akamwita Garrick Lindqvist.

Mwalimu huyo alikuja mbio, kofia mkononi. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomponza binti. Alipoelewa, uso ulimshuka.

"Marlys, si uandike tu kwamba ulimruhusu Jumatano? Tarehe moja. Nani ataumia?"

"Yeye."

"Mimi najaribu kumsaidia."

"Jana pia ulimsaidia, Garrick. Niache nisome."

Alikuwa anapitia orodha ya masomo ya nusu muhula, yanayoanza Jumatatu. Usajili wake ulikuwa unafungwa siku hiyo hiyo, saa kumi na nusu. Mengi yalikuwa ya yuniti moja. Moja tu lilikuwa la yuniti tatu: uhifadhi wa mazao, linalofundishwa na Orrin Haugestad. Limejaa. Kumwongeza mtu kulihitaji saini ya Orrin kwa mkono wake, na Orrin alikuwa kwenye shamba la majaribio, umbali wa maili kumi na nane, akivuna viazi sukari, vile vinavyokamuliwa sukari. Simu iliita hadi ikakata. Akapiga tena. Ikakata.

"Gari lako liko wapi?" Marlys akamuuliza Lindqvist.

"Nyuma ya maktaba."

"Basi leo utakuwa dereva. Tia saini yako kwenye fomu hii kwanza."

Barabara ilikuwa imejaa malori ya mavuno, yakidondosha matope. Lindqvist alipotaka kulipita moja, Marlys akamgusa bega. "Tukifia njiani hasajiliwi." Dilfuza alikaa nyuma, fomu mapajani, ameibana kama mtu aliyeshika kuku.

Saa tisa na dakika ishirini na tano walimkuta Orrin juu ya mashine. Marlys akaingia shambani na viatu vyake vya ofisini, mikono juu, hadi mashine ikazima.

"Viti ishirini na vinne, watu ishirini na wanne," Orrin akasema alipokwisha kuelezwa. "Atakaa wapi, Marlys? Mapajani kwangu?"

"Nitakuja na kigoda," Dilfuza akasema.

Orrin akamtazama. "Darasa ni saa moja na nusu asubuhi, siku nne kwa wiki. Tunanuka viazi vilivyooza."

"Kwetu tunahifadhi vitunguu, Bwana. Nimezoea harufu."

Mzee akacheka kwa pua, akaifuta mikono kwenye suruali, akatia saini juu ya boneti ya gari. Alama ya kidole chake cha matope ilibaki pembeni.

Kurudi, lori lilikuwa limekwama relini, limeziba njia. Walisubiri dakika kumi na moja. Marlys alitazama saa ya gari, halafu akaamua kutoitazama tena.

Dirishani kwa msajili walifika saa kumi na dakika ishirini na sita. Bev, karani, aliitazama fomu, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Akasita. Akasafisha miwani. Akaendelea.

"Haya. Kumi na mbili," akasema. "Si vibaya."

Dilfuza akaegemea ukuta, akateleza hadi chini, akakaa hapo.

Ofisini Marlys alifungua daftari, akaandika: aliacha kemia Alhamisi asubuhi bila ruhusa, kwa ushauri wa mwalimu, akarudi kwenye yuniti kumi na mbili Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini na nane. Dilfuza alisoma juu ya bega lake.

"Lazima uandike hiyo siku moja, Bi Marlys? Imeshapita."

"Lazima. Siku wakiniuliza, nitawaambia yote mwenyewe. Nikificha hii, nikikutetea hawataniamini."

Binti akaomba kalamu, akatia jina lake chini ya maneno yale. Marlys akavuta karatasi ya safari, akaisaini na tarehe ya siku hiyo.