Mafuta ya karafuu yalivyolila gurudumu la gari ya mume wangu

Wakuu, asalam aleikum.

Mie ni bibi wa wajukuu wengi, nakaa Mtambile, Pemba. Skuli nilipita tu, kwa hiyo maneno yakikaa upande msinicheke, someni. Haya nnayoandika nimeyaona kwa macho yangu, chumvi sitii.

Humu naona mnaonesha modeli zenu za ndege na vifaru. Mjukuu wangu Rukia naye anatengeneza modeli. Ni fundi simu, mtu mzima, na mikono kama yake sijaiona kwa mtoto wa mtu mwengine hapa kwetu. Najisifu, ndiyo. Wa kwangu.

Sasa kisa.

Mume wangu, Mzee Faki, aliendesha gari ya mbao ya abiria, Mkoani mpaka Chake, miaka mingi baada ya Mapinduzi. Gari yenyewe ilishauzwa chuma chakavu zamani.

Mwaka jana macho yake yakazimika. Presha ya macho.

Toka hapo akawa anakaa ukumbini kageukia ukuta. Ukimuuliza chai, "sawa". Ukimuuliza wali, "sawa". Mtu aliyekuwa akinitoa makosa mpaka nnavyofunga mlango, leo kila kitu sawa. Mie nikaiogopa ile "sawa" kuliko nilivyowahi kuuogopa ukali wake.

Rukia akasema, "Bibi, namtengenezea gari yake. Aishike."

Bodi akaichonga kwa mbao, urefu kama mkono wangu mpaka kiwiko. Ugumu ukaja kwenye magurudumu, maana lazima yafanane yote. Akatengeneza moja kwa vipande vya rula za plastiki, naati moja moja, ukipitisha kidole unazihisi. Babu yake haoni, kwa hiyo asipozipata naati kwa kidole, hana gari.

Kwa msiojua kazi hii: kile kimoja unakizamisha nusu kwenye udongo wa kuchezea watoto, unamimina silikoni juu. Ikikaza inakuwa kama mpira laini, imeshika kila kitu. Unageuza, unatoa udongo, unapaka mafuta ili silikoni mpya isigandane na ile ya kwanza, unamimina upande wa pili. Ukizitenganisha una kalibu. Humo unamwaga resini, plastiki ya maji inayokauka ikawa ngumu, unatoa vingi vilivyo sawasawa.

Kumimina nilielewa haraka. Mikate ya kumimina nimeipika umri wangu wote.

Upande wa mbele, wenye naati, silikoni ikakaza vizuri. Tukageuza. Kutafuta mafuta ya mgando, kopo tupu.

Nyumba yetu mafuta ya karafuu hayakosekani. Jino, mgongo, mafua, yote hayo hayo. Rukia akaniangalia, nikamwangalia, akachukua chupa akapaka kwa brashi. Na hakupaka kidogo. Tukaenda kusali alasiri.

Tunarudi, gurudumu limelegea kama halua. Nywele za brashi zimezama ndani. Rukia kulivuta, likakatika. Kipande cha mbele alipokichokoa, naati zote zimelala.

Akakaa chini.

"Bibi, plastiki imeliwa."

"Imeliwa na nini?"

"Na dawa yako ya mgongo."

"Mgongo wangu mbona upo?"

Hakucheka. Akasema hachongi tena, basi, babu akae na ukuta wake.

Lakini ni mtu wa usafi, hawezi kuacha kitu kichafu. Akaichukua ile nusu ya silikoni akaiosha kwa sabuni. Kidole chake kikasita. Naati zote zimo mle ndani, safi, maana silikoni ilikaza kabla ya mafuta kufika.

Akamimina resini kwenye nusu hiyo hiyo. La kwanza likatoka na mapovu kama sponji, tukatupa. (Fungueni madirisha wakuu, ile harufu inaingia kichwani.) Yaliyofuata yakatoka mazuri, ila nyuma yamekuwa bapa kama sahani.

Nikamwambia, "Nyuma nani ataangalia? Bandika."

Siku ya kumpa, Rukia akamwekea babu yake mapajani. Mkono ukapita boneti, ukapita mlango, ukapanda juu panapokaa magunia. Rukia anatafuna ncha ya mtandio.

Akafika kwenye gurudumu. Naati moja, nyengine, nyengine. Halafu akapenyeza kidole nyuma.

"Nani kafunga matairi haya?"

"Mie, babu."

"Nyuma mbona tupu? Ngoma ya breki iko wapi?"

Nikadakia, "Faki, nyuma nani anaangalia?"

"Weye ulikuwa abiria, utajua nini. Mie nikilala chini yake. Mnataka kupakia watu kwenye gari haina breki? Haitoki hii."

Kisha akageuza kiti. Mgongo ukawa ukutani.

"Rukia, lete ule udongo nikuoneshe ngoma inavyokaa."

Na silikoni ya upande wa pili ilikuwa bado imo koponi, hatujaigusa.

Mpaka leo wako ukumbini. Yeye anafinyanga, Rukia anachonga, yeye anapapasa anakataa. Ngoma ya kwanza kaikataa, ya pili kaikataa. Rukia analalamika babu yake mkali. Mie nasikiliza kutoka jikoni.

Nilichojifunza: mafuta ya karafuu na plastiki visikutane. Mkono ukipasuka pakeni, mgongo pakeni, modeli msipake. Na mkitengeneza kitu, tengenezeni na nyuma yake, hata mkiambiwa na bibi yenu hapaonekani.

Wenye uzoefu, mafuta ya mgando yakikosekana nyie mnapaka nini baina ya silikoni na silikoni? Andikeni hapo chini, nasoma polepole lakini nasoma.

Ngojeni kwanza, Mzee ananiita. Anasema chai ya leo maji matupu.

Naenda kuichemsha upya.