Kadi ya Kikombe

Mwalimu wa darasa la kwanza hufika kabla ya kengele, akapangusa ubao wa taarifa za siku kwa kiganja ingawa dasta ipo, kisha akaandika siku, tarehe na hali ya hewa kwa herufi nene za mviringo. Chini yake zimening'inia kadi arobaini na mbili, kila moja na picha yake, maana watoto bado hawajui kusoma. Kila anayeingia huhamisha kadi yake kutoka upande wa "Nyumbani" kwenda upande wa "Shuleni". Mwalimu huzihesabu mara tatu, midomo ikichezacheza, vidole vyenye chaki vikigusa moja moja kama mtu anayepapasa vichwa. Wenzake humtania: "Dada, kwani hizo kadi zitaota miguu zikukimbie?" Hucheka nao, lakini macho hayabanduki ubaoni.

Leo kadi ya kikombe imebaki Nyumbani. Akajipa moyo kwamba ni mafua tu. Akaandika "Wasiokuwepo: 1", akafuta, akaandika tena. Ndipo hodi ikapigwa, na mama wa mtoto wa kikombe akachungulia mlangoni akitabasamu, sweta dogo mkononi.

"Samahani, mwalimu wangu. Katoka mbio asubuhi, kalisahau. Hebu mwite avae, kuna baridi."

Mwalimu alirudi nyuma hatua moja, akaifunika kadi kwa mgongo wake.

"Karibu ndani, mama," alisema kwa sauti ile ile anayofundishia irabu. "Hivi alitoka saa ngapi?"