Maua ya Bi Mwanasiti

Mwatumu, mchoraji hina wa mtaa wetu hapa Makorora, ana mkono mwepesi na kijicho asichokificha. Kijicho chenyewe ni cha mtu mmoja tu, Tausi, jirani yake ukuta kwa ukuta. Tausi anamlea mama mkwe wake, Bi Mwanasiti, ambaye akili humtoka na kurudi na miguu haitulii nyumbani. Mtaa mzima umeshamtengea Tausi pepo. Hata Yasini, mume wa Mwatumu, hanywi chai bila kusema, "Mtazame mwenzio alivyo na subira." Mwatumu humtazama kweli, na roho humuuma.

Kuelekea Idi ya Mfungo Mosi, Tausi alimwita aje ampambe bibi. Kwetu vikongwe hupakwa hina kuchani na nyayoni, basi. Tausi akataka maua ya piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, mapana, yazunguke vifundo vya mikono na vya miguu. Ajuza apambwe kama bi harusi, ili asifiwe yeye! Mwatumu alikoroga piko kwa hasira.

"Shikamoo, bibi."

Bi Mwanasiti alimtazama Tausi kwanza, ndipo akaitika, "Marahaba, mwanangu."

Vifundoni palikuwa na michubuko, mikono yote miwili, na miguu vilevile.

"Aliteleza bafuni, shoga," Tausi akasema kabla hajaulizwa.

Mwatumu alifurahi. Ameniambia mwenyewe, huku akitazama chini: kitu cha kwanza alichohisi ni furaha, kwamba hatimaye Tausi ana doa. Kisha furaha hiyo ikamtisha. Nani angemwamini? Makorora nzima ingesema ni kile kijicho chake. Hata yeye alijiuliza kama hakuona tu alichokuwa akikitamani siku zote. Basi akachora. Aliweka ua juu ya kila mchubuko, jani juu ya jani, na kusema kweli hajawahi kufanya kazi safi kama ile. Siku ya Idi watu waliipiga picha mikono ya bibi, wakamsifu Tausi, na Mwatumu akarudi kwake amenuna.

Ilipokaribia Idi ya Mfungo Tatu akaitwa tena. Alikuwa ndiyo kwanza anakata ncha ya mfuko wa piko, Tausi akatoka uani kupokea simu. Siku hiyo akili za bibi zilikuwa zimetulia. Alimshika Mwatumu mkono, akanong'ona:

"Mwanangu, leo maua uyapandishe. Kamba siku hizi anaifunga huku juu."

Akavuta mkono wa kanzu amwonyeshe mahali pa kuchora.

Mwatumu aliuacha mfuko wa piko mkekani, akatoka bila kuaga, moja kwa moja mpaka ofisi ya kata. Afisa ustawi wa jamii, Leticia, alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari.

"Dada, una ugomvi wowote na huyu Tausi?"

"Namwonea wivu," Mwatumu akasema. "Miaka na miaka. Andika hivyo hivyo, na mtaani waulize, watakwambia. Lakini twende sasa hivi ukamtazame bibi mikono, kabla hajaitwa mchoraji mwingine. Mara ya kwanza michubuko niliifunika mimi. Andika na hilo."