Abiria Aliyekataa Kushuka

Kiwanjani walimwita Kipaza, maana kutwa nzima alikuwa kwenye kipaza sauti: ndege gani imetua, mlango namba ngapi, nani anasubiriwa. Kwa miaka tisa alitangaza kila siku ndege ya kaskazini: kilomita mia tatu na themanini, dakika hamsini na tano angani. Huko kaskazini ndiko alikoishi dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki.

Dada hakuchoka kumwita. Na Kipaza, ambaye kila mwaka kazini alipewa tiketi mbili za bure, alijibu, "Ni mbali, dada. Masaa sita angani. Nikifika tu, likizo imekwisha."

Uongo huo ulimtoka mara ya kwanza akiwa amejinyoosha kwenye kochi, mvivu wa kuinuka. Ukaota mizizi. Hata shemeji yake, mume wa dada, alipofariki aliurudia, na dada mwenyewe ndiye aliyembembeleza: "Usijisumbue, mdogo wangu. Masaa sita si mchezo."

Jumanne moja simu ya mezani kwake ikalia. Aliyepiga alikuwa mhudumu wa ndege. "Kipaza, hebu njoo. Kuna mama amegoma kushuka. Anasema tunamwacha njiani."

Alipanda ngazi za ndege huku akicheka. Kicheko kikamkatikia mlangoni. Kiti cha nne, dirishani, alikaa dada yake, mkanda umefungwa, mapajani sweta analofuma. Binti yake ndiye aliyemkatia tiketi, ili amshtukize mjomba.

"Afadhali umekuja," dada alisema, uso umechangamka. "Waambie hawa. Kwako ni masaa sita, na mimi hata mkono wa sweta sijaanza."

Rubani, mtu wa utani, alikuwa amesimama nyuma yao. "Masaa sita? Mama, labda tungeisukuma!"

Wahudumu wakaangua kicheko. Dada hakucheka. Alitazama saa yake, akamtazama ndugu yake, akaitazama saa tena.

Kipaza alitamani ardhi ipasuke immeze, ila chini yake hata ardhi haikuwapo, ni zulia la ndege tu. "Ni dakika hamsini na tano, dada," alisema. "Nilikudanganya."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Hata kwenye msiba?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Kwa nini?"

Alitafuta sababu yenye heshima kidogo, akaikosa. "Uvivu."

Dada alifungua mkanda polepole. "Majirani waliniuliza, mbona mdogo wako hakuja kuzika? Nikakutetea. Nikawagombeza, wewe nikakutetea."

Dada alikaa nyumbani kwa Kipaza siku tatu. Alicheka na wifi yake, akawasuka watoto nywele. Kwa Kipaza maneno yake yalikuwa mawili: "asante" na "nipishe". Na kila alipotangaza ndege ya kaskazini, Kipaza aliiharakisha sentensi kama mtu anayemeza dawa chungu.

Mwezi uliofuata alipanda ndege hiyo. Aliyekaa jirani yake hakuwahi hata kumaliza gazeti, wakatua.

Dada alifungua mlango, akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani. Hakumkaribisha ndani, wala hakumfukuza.

"Makaburini ni robo saa kwa miguu," alisema. "Ngoja nivae viatu."

Dada alitangulia. Kipaza akafuata nyuma, macho chini, na kila jirani aliyewasalimia, dada ndiye aliyeitikia.