Pipa la fimbo mlangoni mwa wodi ya wanaume, na ile moja niliyoikata

Wakuu wa humu ndani, walionizidi umri kama bado mpo, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni mzee mstaafu, niko hapa Babati, upande wa Nangara. Ninaandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Chumvi sitaongeza, kisa chenyewe kilikuja na ya kwake.

Nilikuwa nesi. Ndiyo, nesi mwanaume.

Enzi hizo mkoa wa Manyara ulikuwa mpya kabisa. Watu walikuwa bado wanasema "huku kwetu Arusha" halafu wanajisahihisha katikati ya sentensi. Tulilala wilaya, tukaamka makao makuu ya mkoa, na mji wenyewe ulikuwa haujaamini. Ng'ombe walikatiza barabara kuu bila haraka. Vumbi lilikaa hewani kama linafikiria pa kushukia.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Wodi yetu ya wanaume ilikuwa na madirisha upande wa ziwa. Baada ya chakula cha mchana upepo ulileta harufu ya matete, na siku nyingine tulisikia viboko wanakoroma kule majini. Wagonjwa nao wanakoroma huku. Ukifumba macho hujui nani anamjibu nani.

Mpaka leo nikisinzia mchana ninarudi pale.

Msidhani lakini kwamba kazi ilikuwa ya kusinzia. Kila siku wimbo ni ule ule:

"Dokta!"

"Mimi si dokta, baba. Mimi ni nesi."

"Nesi mwanaume?" Ananiangalia juu mpaka chini, ananihurumia. "Haya, basi niitie sista."

Kuna ndugu wa mgonjwa walitoka Bonga na jogoo wa shukrani, wakamfunga chini ya kitanda bila kuniambia. Daktari yuko katikati ya raundi, kila mtu kimya, jogoo akawika. Daktari akainama, akachungulia, akaniuliza, "Huyu naye amelazwa lini?"

Wodi ilicheka mpaka mwenye mshono akaomba tumwonee huruma.

Sasa tuje kwenye fimbo.

Wanaojua sehemu hizi wanajua kuwa mwanaume wa kijijini hatembei mkono mtupu. Anakuja na fimbo yake. Akija kumwona mgonjwa anakuja nayo, akilazwa analazwa nayo. Wodini zilikuwa kero tupu. Zinaanguka usiku, zinamkwaza anayebeba bakuli la maji, mmoja anaitumia kumwamsha jirani anayekoroma.

Nilipokuwa inchaji, yaani msimamizi wa wodi, niliweka pipa tupu mlangoni. Amri yangu: fimbo zote pipani, mwenyewe utachukua ukiondoka.

Nikajiona nimeleta maendeleo ya mkoa.

Kumbe nimeleta kesi. Wakati wa kuona wagonjwa ukiisha, wazee wanazunguka lile pipa kama wanatafuta ndama wao zizini. "Hii si yangu, yangu imepinda huku." "Wewe baba, weka hiyo, naijua kwa harufu." Nyingine hazikuchukuliwa kabisa. Mwenyewe amesahau kwa furaha ya kuruhusiwa, au mwenyewe ametoka kwa mlango ule mwingine ambao hatutoki na fimbo.

Mvua za mwaka ule ziliingia pipani. Asubuhi moja, ukungu bado umekaa juu ya mlima Kwaraa, nikakuta fimbo moja imechipua. Majani mawili madogo ya kijani. Nilisimama pale na trei ya dawa mkononi mpaka dawa zikapoa, kama dawa zinaweza kupoa. Sikuelewa kwa nini nafsi yangu imetulia vile. Ningepaswa kuelewa kuwa vile vitu vilikuwa na uhai.

Katika siku hizo aliletwa mzee Gida.

Alikuwa mzee wa Kibarbaig, mfugaji kutoka upande wa Hanang, mrefu, amejifunga shuka lake begani. Mguu ulikuwa na kidonda cha mwiba kilichopuuzwa mpaka nyama ikaanza kuoza. Homa imempanda. Fimbo yake ndefu, laini mahali pa kushikia kwa miaka ya kiganja kimoja, imezungushiwa waya wa shaba juu. Niliitoa mkononi mwake mimi mwenyewe. Alifumbua macho kidogo akanitazama.

"Iko salama, mzee," nikamwambia, nikaitia pipani.

Binti yake, Mama Safari, ndiye aliyekuwa anajua Kiswahili. Alimlaza baba yake, akamlisha uji, kisha akarudi nyumbani kuwaambia ndugu. Mzee akabaki na sisi na maneno yake machache ya Kiswahili.

Wiki hiyo hiyo tukaletewa neti za mbu. Nyeupe, mpya, nzuri. Pa kuzitundika hapakuwepo. Dari iko juu mno na zile kulabu za zamani zilishang'oka. Tukaandika kuomba vyuma. Mnajua majibu ya kuomba vyuma.

Mimi ni mtu wa utaratibu, na hilo ndilo lililoniponza. Nikaangalia pipa. Nikaona fimbo zimejaa, nyingi hazina wenyewe. Nikachukua msumeno wa fundi wa hospitali, mchana, wodi imelala. Nikazikata za kutosha vitanda vyote, ziwe na urefu mmoja, kama wanafunzi mstarini. Moja kichwani mwa kitanda, moja miguuni, nikazifunga kwa bandeji, nikapitisha kamba juu.

Sikuchagua. Ninakiri hilo mbele yenu. Sikuuliza ipi ni ya nani. Zile ndefu zilinifurahisha zaidi, maana moja inatosha kitanda kizima ukiikata katikati.

Wakuu, wodi ilipendeza. Upepo wa ziwa ulipoingia, zile neti zilijaa taratibu na kushuka taratibu, kama ukungu wa Kwaraa umeshuka mlimani ukaja kulala na wagonjwa. Mama Tumaini, mhudumu wetu wa usafi, aliweka ndoo chini akasema, "Baba Neema, hapa hata mimi nikiumwa nitakubali kulala wodi ya wanaume."

Nilisifiwa. Wageni wa mkoani walipita, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilitembea siku nzima kifua mbele.

Homa ya mzee Gida ikashuka. Daktari akaangalia mguu, akanusa, akaniita pembeni. Weusi ulikuwa unapanda. Tukarudi kitandani.

"Mzee," daktari akasema polepole, akionyesha kwa mkono, "tukikata sasa, tunakata hapa chini. Goti linabaki. Tukichelewa, goti linaondoka. Unakubali?"

Mzee alimsikiliza vizuri. Kisha akanigeukia mimi.

"Fimbo yangu," akasema.

"Iko salama, mzee. Dokta anataka jibu, hataki fimbo."

"Nipe fimbo. Nasema."

"Utasema kwa fimbo au kwa mdomo?"

Wodi ikacheka. Nilikuwa na kipaji hicho cha kuchekesha wodi. Mzee hakucheka. Aliinua macho, akatazama juu ya kichwa chake, pale neti ilipofungwa, akakaa hivyo muda mrefu.

Siku iliyofuata ikawa vile vile. Daktari anauliza, mzee anasema fimbo, anaangalia juu. Iliyofuata tena. Nilikwenda pipani nikapekua, nikaikosa, nikajiambia itakuwa imechukuliwa na mgeni. Na bado nilimjibu, "Iko salama."

Kwa daktari nikasema hivi, na maneno haya ninayasikia hata sasa: "Huyu mzee amegoma. Nadhani na akili imeanza kuzunguka, anaongea na dari."

Daktari mzuri hamkati mtu bila neno lake. Akasubiri. Weusi nao haukusubiri.

Mama Safari aliporudi, alikuja moja kwa moja kitandani. Wakaongea kwa Kibarbaig, sauti ya chini. Nikaona na yeye ameinua macho. Kisha akanijia pale mezani.

"Baba Neema, shikamoo."

"Marahaba, mama. Afadhali umekuja. Mzee ametusumbua."

"Baba hajakataa kukatwa. Kwetu mzee hatoi neno kubwa mkono ukiwa mtupu. Atashika fimbo yake ndipo aseme. Neno la mkono mtupu ni la mtoto."

"Sasa mbona hakusema?"

"Amesema kila siku."

"Basi fimbo imepotea, mama. Nimeitafuta."

Alinitazama kwa upole ambao ulinitisha. "Haijapotea. Amelala chini yake."

Nilikwenda pale. Sikuwa nimeangalia juu hata mara moja, mimi niliyeifunga. Kichwani mwa kitanda, ndani ya bandeji zangu safi, waya wa shaba ulikuwa unang'aa kwa jua la dirishani. Nusu ya pili ilikuwa miguuni, upande wa ule mguu.

"Kwa nini hakunionyesha?" nikauliza.

"Alikuonyesha kwa macho. Mtu mzima haonyeshwi kosa lake kwa kidole mbele ya watu. Alikuwa anakungojea uone mwenyewe."

Nilifungua bandeji. Neti ikashuka juu yetu wote watatu, taratibu, tukawa ndani ya weupe ule kama tumeota ndoto moja. Nikapiga magoti, nikampa vile vipande viwili kwa mikono miwili. Utani wote uliniishia.

"Mzee, ni mimi niliyeikata. Nisamehe."

Mama Safari akatafsiri. Mzee akaviunganisha vipande, akaona vinakutana sawasawa. Akapitisha kidole gumba pale msumeno ulipopita. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha puani, akasema jambo kwa lugha yake.

Binti akatafsiri.

"Anasema umekata vizuri, umenyoosha. Anasema mwambie dokta naye akate vizuri hivyo hivyo."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Alilitoa ameshika vipande vyote viwili.

Daktari alikuja mbio. Akafunua, akapapasa. Akasogeza mkono wake kutoka chini ya goti mpaka juu yake. Hakuniangalia, na nilimshukuru kwa kutoniangalia.

Mzee alipona. Goti lilikwenda.

Siku ya kuondoka, akiwa na magongo ya hospitali, alichukua nusu ya juu, yenye shaba. Ya chini akanipa mimi. Mama Safari akasema, "Anasema hii ndiyo iliyokanyaga njia, yeye hana kazi nayo tena. Kaa nayo."

Baadaye nilimwona Mama Safari mjini, siku ya mnada. Nikamuuliza habari za mzee. Akasema yuko, anakaa mlangoni mwa boma asubuhi, ng'ombe wanapita mbele yake kwenda malishoni, naye anawahesabu kwa macho mpaka vumbi liwameze. Zamani yeye ndiye alikuwa anatangulia.

Huwa ninawaza goti hilo. Mtu mwenye goti angeweza kuchuchumaa, kupanda kilima akiwa na mguu wa mti, kufuata mifugo yake japo nyuma. Nililiponza mimi, kwa mzaha na kwa kupenda mistari iliyonyooka.

Somo? Mgonjwa akikutajia kitu kimoja kila siku, usimjibu "iko salama" kabla hujaenda kuangalia. Na akitazama juu, na wewe tazama juu. Hayo tu, sina lingine kubwa.

Mwezi uliopita miguu yangu ilinilaza hospitali, nikaenda na fimbo yangu ya kutembelea. Nesi mmoja kijana, binti mchangamfu, akanyoosha mkono: "Babu, lete fimbo nikuwekee pale kwenye kona."

"Mjukuu wangu, iache hapa hapa."

"Itakuangukia, babu."

"Na iniangukie."

Akacheka, akaniwekea kando ya mto. "Haya, lala na mchumba wako." Nilimpenda sana.

Manesi wenzangu, nyie wodini kwenu mlikuwa na pipa la nini? Na wenyeji wa Hanang humu, kama nimekosea jambo la desturi yenu nisahihisheni, nimeshazoea kusahihishwa na ninyi bila kidole. Kama kuna anayejua habari za Mama Safari, mniandikie hapo chini.

Nusu yangu ninayo. Inashikilia neti yangu hapa Nangara. Ninapoamka, kabla sijakumbuka mimi ni nani na nina umri gani, ndiyo ninayoiona kwanza.