Mganda wa Jumamosi

Kazi yangu ilikuwa kuangalia damu za watu. Katika hospitali yetu pale Mbinga tulikuwa wawili tu maabara, na mwenzangu alipokwenda masomoni nikabaki peke yangu na darubini moja iliyotegemea mwanga wa jua la dirishani. Siku za mawingu nilisogeza meza hadi mlangoni. Malaria, minyoo, kifua kikuu, damu za wajawazito. Watu walikaa kwenye benchi tangu alfajiri, wengine wametembea kutoka Matiri, na wote waliniita daktari ingawa sikuwa daktari. Jioni mke wangu alikuwa akisema nanuka spiriti hata baada ya kuoga.

Jumamosi mchana nilivua koti, nikavaa kaptula nyeupe, shati jeupe na soksi ndefu, vyote vya mitumba, nikaenda kwenye kiwanja kilichokuwa nyuma ya ghala la kahawa kucheza mganda. Asiyeujua mganda afikirie gwaride la askari walioamua kufurahi. Wanaume wanasimama kwenye mistari, hatua moja, mabega yanainama kulia, yanainama kushoto, ngoma kubwa inanguruma na vibuyu vya kupuliza vinalia kama mzinga wa nyuki. Tulikuwa wakulima wa kahawa, mwalimu mmoja, karani wa ushirika, dereva wa lori. Mimi nilikuwa mchezaji wa mstari wa pili mwenye goti zito, na nilipokosea nilizomewa kama mtu mwingine yeyote. Sijui kama naweza kueleza jinsi kule kuzomewa kulivyonipumzisha.

Mpiga ngoma kubwa alikuwa fundi seremala. Alinizidi miaka michache, akaniita mdogo wangu tangu siku ya kwanza. Ngoma ile aliichonga mwenyewe, na vibuyu vyetu vyote vilitoka mikononi mwake. Alikata kibuyu, akatoboa tundu la kupulizia, na kwenye tundu jingine akabandika utando mweupe wa buibui, ule anaofunikia mayai yake, ili sauti ikwaruze. Kila kimoja alikijaribu kwa mdomo wake kabla ya kumkabidhi mtu. Kikilia vizuri alicheka peke yake kama mtu aliyeambiwa siri.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda hadi mashambani, ushirika ulikuwa unakohoa, maduka yalijaa vitu tulivyokuwa tumevisahau. Na ugonjwa ulikuwa umefika. Tulizika sana. Hospitalini tulikuwa tumeanza kupima damu za wachangiaji, pale dawa za kupimia zilipopatikana.

Mke wa fundi alijifungua mtoto wa tatu akapoteza damu nyingi. Fundi aliingia maabara na vumbi la mbao kichwani.

"Mdogo wangu, chukua yangu. Chukua yote."

Nilimtoa kidogo ya kupima. Kundi lililingana. Kipimo cha pili kilinifanya nikae chini. Nikarudia kwa chupa nyingine ya dawa, jibu likawa lilelile. Nilikwenda wodini nikamwambia daktari kwamba damu ile haifai, na mtawa mmoja muuguzi akakunja mkono wa gauni lake bila kuuliza neno, akatoa ya kwake. Mama alipona. Mtoto alikuwa mzima.

Fundi hakuambiwa. Katika ile haraka aliambiwa tu mkewe ameongezewa damu, naye akaamini ni yake. Mtaani akawa anawaeleza watu: damu yangu ndiyo iliyomrudisha mama wa watoto. Nilimwomba daktari amwite. Daktari alisugua macho akasema, "Mwambie wewe. Wewe ni mwenzake wa ngoma, atakusikia." Hakuna aliyekuwa ametufundisha namna ya kusema neno lile.

Fundi alikuja mwenyewe, amebeba kuku wa shukrani, amemfunga miguu kwa kamba ya mgomba.

"Kaka, kaa kwanza."

"Nina mbao zinaningoja."

"Kaa."

Akakaa, kuku magotini. Nilifunga mlango.

"Shemeji hakupewa damu yako. Alipewa ya mtu mwingine."

"Kwani kundi halikulingana?"

"Lililingana."

Alitazama viganja vyake. Kuku alikuwa anahema na mdomo wazi.

"Ni ule ugonjwa?"

"Ndiyo, kaka."

"Huwezi kuwa umekosea?"

"Nimepima mara mbili."

"Na mama watoto?"

"Itabidi apimwe."

"Ananyonyesha," alisema, kana kwamba hilo lingeweza kuzuia kitu. Halafu akasema, "Mwaka huu nimetengeneza majeneza mengi kuliko vitanda. Nilikuwa namshukuru Mungu kwamba kazi haikosekani."

Akasimama. Mlangoni akageuka. "Jumamosi nije?"

"Njoo. Bila wewe tutachezaje?"

Akaja. Kwa karibu mwaka mzima alikuja, akapiga ngoma kama zamani, na mimi kwenye mstari wa pili nilikanyaga hatua nikiwa najua. Kiwanja kile kilikuwa mahali pangu pa kusahau kazi. Sasa kazi ilikuwa imekaa mbele yangu, imeshika fimbo za ngoma.

Kisha ukamtoka mkanda wa jeshi, malengelenge yaliyoanzia kwenye paji la uso yakashukia jichoni. Miaka ile hapakuwa na haja ya maabara, kila mtu alijua maana yake. Jumamosi iliyofuata alileta vibuyu vitatu vipya. Akajaribu cha kwanza kwa mdomo, akamnyooshea mwalimu. Mwalimu alikipokea, akakifuta kwenye shati, akakifuta tena, kisha akakiweka majanini taratibu kama mtu anayeweka yai. Karani hakupokea kabisa.

"Hauambukizwi kwa kibuyu," nilisema.

Karani akanijibu mbele ya wote, "Wewe hospitali wanakupa glavu. Sisi midomo yetu tuivishe nini?"

Nilichukua kibuyu kutoka majanini nikapuliza. Kilikuwa kizuri, kililia kwa sauti nene. Nilipuliza hadi nikaishiwa pumzi, nao wakanitazama kwa adabu, wakasema leo tucheze kwa ngoma tu. Fundi alivikusanya vibuyu vyake akavirudisha kwenye kikapu. 

Bado tulikuwa na mwaliko wa kushuka ziwani. Karibu kila mwaka tulikwenda Mbamba Bay kushindana na kikundi cha Wanyasa, tukipanda lori tukiimba njia nzima. Safari ile tulijaa nusu lori, na kwenye kona za mteremko hakuna aliyeimba. Wenyeji nao walikuwa wamepungua. Kiongozi wao alitupokea, akatutajia waliozikwa tangu tulipoachana, kisha akatukaribisha ugali na samaki. Niligundua kwamba fundi amewekewa sahani yake peke yake. Nani aliwadokeza sijui.

Tulicheza mchanga ukiwa bado una joto. Watazamaji walikuwa wanawake, wazee na watoto wadogo. Vijana walikuwa kwenye kibanda cha video kilichojengwa kwa makuti karibu na soko, na jenereta lake lilinguruma hata likaipita ngoma yetu. Katikati ya mchezo fimbo ilimponyoka fundi. Akaiokota, akapiga kidogo, ikamponyoka tena. Dereva wa lori akasogea akaichukua ngoma, naye fundi akakaa mchangani, kichwa kati ya magoti.

Baadaye nilimkuta ukingoni mwa maji. Upepo ulikuwa umeanza, na milima ya ng'ambo ilikuwa haionekani.

"Ni wewe uliyewaambia?"

"Si mimi. Haki ya Mungu, kaka, si mimi. Hata mke wangu hajui."

"Wa kwanza kujua ulikuwa wewe."

"Ni uso wako uliowaambia. Wameona tu."

Aliligusa paji lake. 

"Sawa, daktari," alisema.

Tangu siku ile hakuniita tena mdogo wangu. Nilipokwenda kumwona nyumbani alisema "karibu daktari", akaniletea kiti, akanijibu maswali kuhusu homa na kuhara kama mgonjwa yeyote wa kwenye benchi. Nilimpelekea vidonge, alivipokea kwa mikono miwili. Mara moja nilijaribu kuongea habari za ngoma. Alisema, "Hizo ni habari za wenye afya, daktari."

Alikufa wakati wa mvua za masika. Karibu kikundi chote kilikuja kuzika, na siku hiyo hakuna aliyeogopa kubeba jeneza. Padri alipomaliza na kwaya ikanyamaza, mjane alisema, si kwa sauti kubwa, "Mngempigia hata kidogo."

Wanaume walitazamana. Dereva alikuwa safarini. Nilikwenda kwenye karakana yake nikaitoa ngoma iliyofunikwa gunia, nikaipiga. Sikuwahi kuipiga hata siku moja. Ngozi ilikuwa imelegea kwa unyevu na sauti ilitoka kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Niliwatazama wenzangu nikitegemea miguu ianze. Mwalimu aliangalia chini. Karani alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Nikaendelea kupiga hadi mjane alipokuja akanishika mkono.

"Inatosha, shemeji," alisema. "Ameshasikia."

Hatukukutana tena kiwanjani. Mnunuzi mmoja wa kahawa alijenga banda pale, na vijana waliokuwa wanatutazama wakahamia kwenye video, ambako hata mimi nilikwenda mara mbili tatu. Nilikaa gizani kati ya watu waliokuwa wanashangilia mapigano, nikatoka kabla hayajaisha. Mjane alipimwa mwaka uliofuata, na mtoto pia. Niliwapima mimi.

Mganga mkuu alifurahi nilipoanza kuomba zamu za Jumamosi. Alinisifu mbele ya wafanyakazi wengine, akasema huo ndio moyo wa kujitolea.