Msimu Ambao Baba Aliogopa Giza

Debe tupu likigongwa, watu wengi husikia kero. Mimi husikia alfajiri ya Mvumi. Huona uwele umesimama shambani na vichwa vimejaa, majani yakidondosha umande, na kundi la kweleakwelea likiinuka kutoka kwenye miiba ya korongoni, kuja kula jasho la watu. Shamba la bibi yangu lilikuwa na dungu katikati, jukwaa la miti minne lenye ngazi ya kamba na paa la nyasi, na juu yake tulikaa wawili, mimi na debe langu, baba na teo lake la kurushia mawe. Ndege wakitua upande wa mashariki, mimi napiga kelele. Wakihamia magharibi, jiwe la baba linawafuata. Kazi ya kuamia ndege haina mapumziko mpaka jua liwe kali, na koo langu lilikuwa likikauka hata mate yakawa shida. Hata hivyo, katika misimu yote ya utoto wangu sijapata mwingine ulionikaa moyoni namna ile. Nimechelewa kuuandika kwa sababu huo huo ndio msimu mbaya kuliko yote katika maisha ya baba yangu.

Baba alikuwa askari wa zimamoto mjini Dodoma. Tuliishi Nzuguni, enzi ambazo Nzuguni ilikuwa viwanja vitupu, miiba na vumbi, na jirani ulimwita kwa kupaza sauti. Watu hudhani zimamoto ni moto tu. Wapo hata wanaosema dawa ya moto ni moto, nami huwa natamani mmoja wao angekuja kufua sare za baba aone moto unavyonuka ukishamaliza kazi yake. Lakini katika mji wetu wenye kiu, ambako kila anayejenga huanza kwa kutafuta maji, nusu ya kazi ya baba ilikuwa chini ya ardhi. Alishuka kwenye visima na mashimo ya vyoo kuwatoa watu, mbuzi, na wakati mwingine maiti. Akifika mapema hakuna aliyemwona, akichelewa alizomewa, “Mmekuja kuzoa majivu?” Nyumbani alikuja kulala. Sikukuu tulimwekea pilau kwenye bakuli, likapoa, tukalila wenyewe kesho yake. Mimi nilimjua baba kwa mgongo wake akitoka mlangoni kuliko kwa uso wake.

Kisha kikaja kile kisima. Niliyoyajua siku ile yalikuwa machache, mengine alinisimulia mwenyewe nikiwa mtu mzima. Mchimbaji mmoja alifukiwa akiwa chini, na baba akashushwa kwa kamba kumtafuta. Alipokaribia, ukuta wa udongo ukaanguka mara ya pili ukamfunika baba hadi kifuani, juu yake kukazibwa, mwanga ukaisha. Hakumwona yule mtu lakini alimsikia, yu karibu, nyuma ya udongo. Wakaongea. Yule mchimbaji alimuuliza baba jina, akamtajia na lake, akamweleza habari za mke wake, na za ng'ombe aliyetaka kumnunua akimaliza kazi ile. Baba akamwambia maneno aliyozoea kuwaambia watu wote aliowakuta mashimoni: nipo hapa, usiogope, endelea kuongea. Na yule mtu akaendelea kuongea, akaendelea, kisha akanyamaza. Wenzake baba walichimba kwa mikono na majembe wakamtoa baba akiwa hai. Yule mchimbaji alitoka amefunikwa blanketi. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Baba aliijua angali anapumua.

Aliporudi kutoka hospitali alikuwa mzima wa viungo, ila hakuweza kukaa ndani. Akifungiwa mlango, jasho linamtoka. Bafuni aliingia mlango ukiwa wazi, mama akatundika khanga kumsitiri. Usiku alilala uani kwenye mkeka. Kilichotutisha zaidi ni kwamba hakuvumilia kimya; tukinyamaza mezani, alisimama akatoka. Mkuu wake wa kikosi alikuja, akakaa naye uani, akamwambia kwa upole aende kwao akapumzike mpaka mavuno yaishe, kisha arudi kazini au aseme wazi kwamba ameshindwa. Kwa bahati bibi alikuwa amelalamika kwamba ndege watammaliza na hana mtu wa kuamia. Mama hakuweza kuacha kibarua chake, kwa hiyo akanitazama mimi. Nilikuwa na miaka kumi, na mdomo wangu ulikuwa umeshaniletea fimbo shuleni, nyumbani na hata kanisani.

“Damari,” alisema, “siku zote nakuambia nyamaza. Sasa nenda na baba yako Mvumi, na nikisikia umenyamaza nitakuchapa.”

Bibi yangu, mama mzazi wa baba, aliishi kwenye tembe. Kwa asiyeijua, tembe ni nyumba ya asili ya Wagogo, fupi, kuta nene za udongo, paa bapa la udongo juu ya miti, nayo haina madirisha. Mchana wa jua kali, ndani ni giza na ubaridi, na harufu ya moshi, majivu na nafaka kuukuu. Tulipofika, bibi alitupokea kwa maamkizi marefu, akauliza hali ya kila mtu na kila kuku, kisha akainama kuingia ndani akitarajia tumfuate. Mimi niliingia. Baba alifika mlangoni, akashika mwimo, akasimama. Akarudi nyuma hatua kadhaa akaketi juu ya kinu kilicholazwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini huu haukuwa ung'ongo, ilikuwa nyumba aliyozaliwa ndani yake. Bibi alitoka akamtazama. Nilidhani atamgombeza, maana ulimi wa bibi ulikuwa na makali na kijiji kizima kililijua hilo. Badala yake aling'oa mafiga yake matatu, jiwe moja baada ya jingine, akayapanga uani karibu na kinu, akawasha moto hapo. Majirani walipopita wakiuliza kwa nini mtoto wa kiume haingii kwa mama yake, kwani wamegombana, aliwajibu, “Mimi nimehamia nje. Ndani kuna joto.” Kila mtu alijua ni uongo, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Basi tukaamia ndege. Asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, maana nilikuwa nimeandikishwa shule ya kijiji kwa muda, nilipanda dunguni na kuongea. Nilimweleza baba habari zote nilizokuwa nimelimbikiza maisha yangu yote. Nilimweleza mwalimu wa hesabu anavyokoroma, rafiki yangu aliyemeza kifungo, jogoo wa jirani yetu Nzuguni anayewika saa nane za mchana, na ndoto zangu, nyingine nikizitunga papo hapo. Nikichoka alisema, “Endelea, mwanangu.” Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Alisikiliza akitazama ndege, na mara nyingine aliuliza swali, nikagundua kwamba alikuwa amekumbuka kitu nilichosema juzi. Tulichoma vichwa vya uwele ambao haujakauka, tukavifikicha viganjani, tukapuliza makapi, tukatafuna punje za moto zenye utamu wa maziwa. Siku zisizo za shule, mchana bibi alituletea ugali na mlenda, naye baba akanifundisha kurusha teo, nikajipiga mwenyewe kisogoni, akacheka. Alicheka mpaka akashika mti wa dungu asianguke. Bibi, aliyekuwa chini akipalilia maboga, aliacha jembe lake akakaa chini kabisa akalia, na nilipomuuliza kulikoni alisema vumbi.

Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo bila kuona haya, maana mtoto hachagui kinachomfurahisha. Baba yangu alikuwa mgonjwa, na mimi nilikuwa na baba. Uwele ulipoanza kukauka na ndege kupungua, wenzangu walishangilia kwamba njaa imekwisha. Mimi nilikuwa nikihesabu kwa hofu vichwa vya uwele vilivyobaki kukatwa.

Mavuno yalikatwa, yakapigwa, yakapepetwa, yakawekwa uani kwenye ngozi na magunia. Nyumbani kwa bibi palikuwa na desturi moja asiyoivunja, japo alikuwa mtu wa kanisa na mchungaji alishamwambia si lazima. Nafaka mpya hailiwi mpaka kapu la kwanza litiwe na mtoto wake wa kwanza kwenye kilindo, lile pipa kubwa la gome la mti lililokaa chumba cha ndani kabisa, mahali ambapo hata mchana huoni kiganja chako. Mtoto wake wa kwanza alikuwa baba. Siku zikapita, uwele ukakaa uani, mbuzi wakaanza kuunyatia na mchwa wakapanda. Jirani mmoja alijitolea kuingiza yeye. Bibi akamwambia aende akaingize wa mama yake. Kwa baba hakusema neno la kumlazimisha. Mara moja tu, akipepeta, alisema kama anayeongea na ungo, “Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.” Nasi tukaendelea kula ugali wa uwele wa mwaka jana, uliojaa vumbi la fukusi.

Adhuhuri moja baba alisimama mwenyewe, akajaza kapu, akaniita mlangoni. “Kaa hapa,” alisema. “Ongea. Usiache hata kidogo mpaka nitoke.” Midomo yake ilikuwa myeupe. Akainama akaingia.

Nikaanza kuongea. Niliongea habari za kuku, za mbuzi mwenye pembe moja, za lolote lililonijia. Nilisikia miguu yake ikipapasa sakafu ya udongo, ikasimama, ikasogea tena. Na hapo nikiwa nimeshika mwimo wa mlango ndipo nilipojua jambo moja, kwa uhakika ule wa watoto: akiweza kufika kwenye kile kilindo, ataweza kurudi kazini, na akirudi kazini, nimempoteza. Niliweza kumzuia, na ilikuwa kazi rahisi. Ningefunga mdomo tu. Angetoka mbio, na kesho tungepanda dunguni tena hata kama hakuna ndege. Nililitaka hilo kwa moyo wangu wote. Nikaendelea kuongea. Niliongea huku nalia, maneno yakigongana na kwikwi, mpaka nilipofika katikati ya habari ya yule mbuzi, sauti ikakatika yenyewe na haikurudi.

Ndani kukawa kimya. Bibi alisimama na ungo wake mkononi.

Kisha sauti ya baba ikatoka gizani, nzito na tulivu, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa sababu aliitumia mahali ambapo sikuwapo. “Damari. Nipo hapa. Usiogope. Endelea kuongea.” Sauti ikanirudia, nikaitika, na baada ya hapo tukasikia uwele ukimiminika kwenye kilindo, mwingi, taratibu, na bibi akapiga vigelegele vilivyoleta majirani mbio. Miaka mingi baadaye baba aliniambia kwamba sauti yangu ilipokatika, alisahau kuogopa giza. Alidhani nimeanguka, nimeumia. Alikuwa akijiandaa kutoka kuja kuniokoa.

Alirudi kazini, na nilimpoteza kama nilivyojua. Alishuka visimani mpaka alipostaafu. Sitadanganya kwamba alipona kabisa. Mlango wa chumba chake haufungwi mpaka leo, na mama amezoea kulala na mbu. Husema vijana wa siku hizi wakitoka kwenye tukio baya huitwa wakae na mtu wazungumze, na akisema hivyo naona anawaonea wivu kidogo. Bibi tulishamzika. Tembe ilinyeshewa ikarudi kuwa udongo, na mahali pake pana nyumba ya tofali yenye madirisha makubwa. Mimi ninafanya kazi Mtumba, kwenye ofisi za serikali, katika jengo la vioo vitupu. Natoka nyumbani watoto hawajaamka, narudi wameshakula wamekodolea simu zao, na nikiwauliza habari za shule wananijibu “nzuri” bila kuinua macho. Sijui ndoto zao. Sijui mwalimu wao yupi anakoroma.

Jumapili moja, tukiwa uani kwake Nzuguni, nilimwambia baba jambo nililokuwa nikiona aibu kulisema, kwamba nikiambiwa nichague msimu mmoja wa maisha yangu urudi, ningeuchagua ule. Nilihofu nimemuumiza. Aliwatazama wajukuu zake.

“Mimi uniondokee mbali,” alisema. “Nisiuone tena hata kwa dakika moja.” Kisha akanigeukia. “Lakini nilikuwa na mtoto wa miaka kumi, Damari, na nilikuwa sijawahi kumsikiliza.”